Jeshi Lililopelekwa Josho

Tangu nimwoe binti yake, mimi na mama mkwe wangu hatujawahi kutazamana usoni. Tunapendana sana, ila ndivyo heshima ilivyo kwao: mkwe wa kiume na mama wa mke hawapeani mikono, hawali sahani moja, hawakai mkeka mmoja. Akiwa na neno kwangu anamwambia binti yake, na mimi nimesimama hapo hapo nasikia kila kitu, nasubiri kuambiwa upya. Binti yake akiwa ametoka, anamwambia kuku. Tunaye kuku mmoja mwekundu ambaye amebeba ujumbe mwingi kuliko minara yote ya simu ya Mpanda mjini, na hajawahi kukosa mtandao.

Mimi ni fundi wa kuandika mabango. Kama umepita Mpanda ukasoma neno "Saluni" au "Vifaa vya Ujenzi" ukutani, huo ni mkono wangu. Kama lilikuwa limekosewa, basi huo ni mkono wa mtu mwingine. Cheti cha kidato cha nne nilikipata ukubwani, kwenye masomo ya jioni, dawati moja na polisi mstaafu na mama muuza samaki wa migebuka. Mke wangu anasema tangu nihitimu sijawahi kusimulia jambo kwa ukubwa wake halisi, eti kule nilikwenda kusomea kuzidisha. Sibishani naye. Katika hesabu zote, kuzidisha ndiko nilikofaulu.

Mama alihamia kwetu baada ya mzee wake kufariki. Walikuwa wanakaa upande wa Kasekese, walikofika zamani na ng'ombe wao wakitokea kaskazini. Ng'ombe walibaki kwa wanawe wakubwa, yeye tukampa chumba chenye mlango unaotazama uani, ili apite bila kugongana na mimi. Mtoto wake wa mwisho, shemeji yangu, alikuwa anasoma Poland, nchi ambayo kwa maelezo yake mtu ukitema mate yanafika chini yakiwa kokoto. Baba yao alipofariki, safari haikuwezekana. Mzee akazikwa yeye hayupo.

Alikuja baadaye, likizo, na alikuja kama mtu aliyepoteza sauti njiani. Wiki nzima hatukusikia zaidi ya "shikamoo" na "nimeshiba". Mama alikuwa anakaa mkabala naye barazani, anamwangalia kama mtu anavyoangalia mlango uliofungwa kwa ndani. Halafu mchana mmoja kijana akatoa boksi kwenye begi. Ndani mlikuwa na askari wadogo wa plastiki, wa kijivu, kila mmoja hafikii urefu wa kidole gumba, wana mikuki, ngao na kofia za chuma. Akasema huko anakosoma, jioni vijana wanapanga majeshi kama hayo mezani, wanarusha dadu, wanapima hatua kwa futi kama ya seremala, wanapigana mpaka mmoja anashindwa. Kila mtu anapaka rangi jeshi lake mwenyewe.

Nilidhani mama atacheka. Badala yake akavuta kigoda. Mama huyu amechunga ng'ombe porini akiwa binti, kwenye fisi na wezi wa mifugo. Kuficha watu nyuma ya kichaka na kumzunguka adui ni vitu anavyovijua kuliko kupika. Siku ya pili tu alimshinda mwanawe, na kwa kadiri ninavyokumbuka ushindi ule ulisikika mpaka Kabungu. Kijana alicheka. Ndiyo mara ya kwanza tulimsikia akicheka tangu msiba. Kuanzia hapo waliongea kila siku, ingawa ilikuwa ni "huyu umempeleka wapi" na "hapo Mama umeniua", basi. Habari ya mzee haikuguswa.

Alipoondoka alimwachia mama nusu ya askari. Akamwambia waliyocheza yalikuwa mazoezi tu, kwenye mchezo wao wa kweli jeshi lisilopakwa rangi haliingii mezani, kwa hiyo alipake, likizo ijayo akute liko tayari. Akapanda basi. Baada ya hapo simu zake zilikuwa fupi: hamjambo, hatujambo, huku baridi, mtandao mbaya.

Mama alimwambia mke wangu neno moja, na mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nachanganya rangi. Alisema: "Nikishindwa hili, atakuja kama mgeni na kuondoka kama mgeni. Sina kitu kingine cha kumkalisha karibu yangu."

Basi akaanza kupaka. Hakuniomba chochote. Nyuma ya nyumba huwa naweka makopo yenye masalia, akachukua rangi ya mafuta ya kijani niliyobakiza kwenye geti la mtu, na nyekundu ya bango la bucha, na brashi ambayo mimi napakia kuta. Akapaka kama mtu anavyosiliba nyumba. Alipomaliza, akawapanga juu ya kigoda uani, akaingia chumbani, akaacha mlango wazi kidogo. Mke wangu akanifuata: "Mama anataka useme."

Nikaenda. Nimeona mengi katika kazi ya rangi, lakini lile jeshi lilinitoa jasho. Rangi ilikuwa nzito kiasi kwamba askari walionekana kama wametumbukizwa kwenye uji, wakatolewa, wakatumbukizwa tena. Mikuki imenenepa kama michi. Mmoja alikuwa hana uso kabisa. Mbele na nyuma yake ilikuwa sawasawa, angeweza kukimbia vita bila kugeuka. Na wote waling'aa, kwa sababu rangi ya geti imetengenezwa ing'ae.

Utamwambiaje mama mkwe? Nilimgeukia kuku. Nikamwomba amwambie mama kwamba askari wamependeza mno, kwamba adui akiwaona tu atatupa silaha na kuomba maji ya kunywa. Nikaongeza na mengine. Sauti ikatoka ndani, taratibu:

"Kuku, mwambie mkwe mimi si mtoto. Nimeuliza ili niambiwe."

Niliona aibu mpaka kwenye visigino. Nikamtafuta mke wangu jikoni, nikamwambia ukweli wote: rangi ni nzito, imeziba nyuso na vidole, mama apunguze rangi. Mke wangu alikuwa anawahi kwaya, huku kitenge kinamdondoka, akapita mlangoni kwa mama akarusha ujumbe bila kusimama: "Mama, anasema upunguze rangi." Akaenda zake kuimba.

Siku chache baadaye kigoda kilikuwa uani tena. Mama alikuwa amepunguza rangi. Kijani hakuna, nyekundu hakuna. Jeshi zima, kuanzia viatu, nyuso, ngao, mpaka ncha za mikuki, lilikuwa la kahawia, rangi moja tu, imepakwa juu ya ile ya kwanza, nzito vilevile. Ilikuwa kama mtu amefinyanga vidole vya udongo. Mke wangu alipoona alikaa chini. Alicheka mpaka akalia, halafu akalia kweli, kwa sababu mama alikuwa ametii neno kwa neno, na kazi ile ilimchukua siku nzima na macho yake yale yasiyoona vizuri.

"Sasa mimi nimechoka kuwa posta," mke wangu akasema. "Nyie wawili mna midomo."

Akachukua kitenge chake kikubwa, akakitundika kwenye kamba ya nguo barazani, kikashuka karibu kugusa sakafu. Upande mmoja akaweka kigoda cha mama, upande wa pili akaweka ndoo yangu ya kukalia. Katikati, chini kabisa ya kitenge, akaweka sinia. Akasema sheria ni hii: macho hayakutani, mikono haigusani, kitu kinawekwa kwenye sinia kinasukumwa. Heshima imebaki pale pale. Kuku akapewa likizo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuwavua zile rangi. Nikajaribu askari mmoja kwa tina, ile ya kuchanganyia rangi, na kwa kweli sitaki kuongea sana: plastiki ililegea mkononi kama mshumaa, askari akainama, akapiga magoti, akawa uji. Nikamweka kwenye sinia, nikalisukuma. Upande wa pili mama akasema kwamba vitani watu hufa na wengine huendelea. Tukahamia mafuta ya breki. Tukawalowesha wote kwenye kopo, kesho yake tukawasugua kwa mswaki wa zamani, rangi ikatoka kwa mabamba, na nyuso zikarudi. Mama alikuwa hajawahi kuziona vizuri. Nilimsikia akisema, "Kumbe huyu ana ndevu."

Nikachonga brashi. Nilichukua ndogo kuliko zote nilizonazo, ile ya kumalizia nukta za herufi, nikainyoa kwa wembe mpaka zikabaki nywele za kuhesabika. Nikaachana na rangi ya mafuta, nikachukua rangi ya maji ya ukutani, ambayo haing'ai. Safari hii nilieleza mwenyewe, kupitia kitenge: rangi zitabaki nyingi utakavyo, mama, ila kila moja iongezwe maji kwenye kizibo cha soda mpaka iwe kama maziwa, siyo kama mtindi. Ipakwe nyembamba, ikauke, irudiwe. Bora mara mbili nyepesi kuliko mara moja nzito. Alielewa pale pale. Nikasikia anacheka peke yake. "Mwezi mzima napaka mtindi," akasema.

Askari walitoka safi. Kila kitu kilikaa mahali pake, nyekundu haikuingia kwenye kijani, mikuki ikarudi kuwa mikuki. Mama alifurahi, mke wangu alifurahi. Lakini mimi ni fundi, nilijua kuna kitu kinakosekana. Walikuwa wamekaa bapa, kama picha iliyokatwa gazetini. Ukirudi nyuma hatua mbili, uso hauonekani, mkunjo wa nguo hauonekani. Kwenye mabango tunaweka kivuli pembeni mwa herufi, ndiyo inasimama. Sasa kivuli utamfundishaje mtu ambaye humwonyeshi kwa kidole, humshiki mkono, na ambaye kila ukisema "weka giza hapa" hajui hapa ni wapi?

Nilijaribu asubuhi nzima. Nilisema mikunjo iwe na uchafu kidogo. Akakataa. Aliona nataka kumchafulia watu aliowahangaikia. "Mwanangu akute jeshi limevaa matope?" Na sauti yake ilikuwa imeanza kuchoka. Likizo ilikuwa inakaribia.

Sijui wazo lilitoka wapi. Labda ni kwa sababu mikono yake ilikuwa inaonekana chini ya kitenge, karibu na sinia, mikono mikavu yenye kovu la kamba ya kufungia ndama, na ndiyo mara yangu ya kwanza kuiangalia kwa utulivu. Nikauliza, "Mama, ng'ombe mwekundu ana rangi moja?"

"Mwekundu yupi?"

Hapo nilikuwa nimefungua bwawa. Kikwao, rangi za ng'ombe zina majina mengi kiasi kwamba mimi nadhani wanamaliza majina ya ng'ombe ndipo wanaanza kutafuta ya watoto. Akanieleza mwekundu wa mgongo uliopauka kwa jua, ambaye tumboni ni kama damu iliyokauka. Akanieleza mweusi ambaye juani ana kahawia ndani yake. Akasema hakuna ng'ombe wa rangi moja, anayesema hivyo hajawahi kukaa na ng'ombe: nundu inapigwa na jua inang'aa, shingoni kwenye mikunjo kuna giza, chini ya tumbo kuna giza zaidi.

"Na akitoka josho?" nikauliza.

Josho ni lile bwawa jembamba la dawa ya kupe. Ng'ombe anaingia upande mmoja anaogelea, anatokea upande wa pili akichuruzika. Mama akajibu bila kufikiri: "Akitoka josho dawa inakimbilia kwenye mikunjo. Mgongoni inakauka kwanza, mikunjoni inabaki, unamwona kila mstari wa shingo." Nilisikia kigoda kikilia. Kisha akasema polepole, kama mtu anayejisomea, "Kumbe unataka niwapeleke josho."

"Ndiyo, mama. Josho."

Tangu hapo hatukuhitaji maneno mengine. Tulichanganya nyeusi na kahawia kidogo, maji mengi, mpaka ikawa kama chai iliyosahaulika. Askari anapakwa mwili mzima, chai inakimbilia kwenye mikunjo ya nguo, chini ya kofia, kati ya vidole, inabaki huko. Wa kwanza walizama. Alimimina kama anamwagilia mchicha. Nikamwambia wakizidiwa awafyonze kwa ncha ya kitambaa, kama anavyomfuta ndama pua. Baada ya josho, wakishakauka, ikawa zamu ya jua la mgongoni: brashi inachovywa rangi nyeupenyeupe, inafutwa kwenye kitambaa mpaka ibaki kama haina kitu, ndipo inapitishwa juu juu, ishike mabega na pua na ukingo wa ngao tu. Sikumwambia pa kupitisha. Alijua mwenyewe jua linapiga wapi.

Tulikuwa kiangazi, na vumbi la Mpanda kiangazi halihitaji mwaliko. Linatua kwenye rangi mbichi kama limelipwa. Mama akatafuta suluhisho bila kumwuliza mtu: nikarudi siku moja kutoka kazini nikakuta chandarua changu kimefunika meza, na askari wote wamelala chini yake salama. Mbu wa mtaa mzima wakahamia kwangu. Sikulalamika, au nililalamika kwa kuku tu.

Asubuhi moja sinia likaja upande wangu na askari mmoja. Ngao yake haikuwa kijani tena. Ilikuwa nyeupe yenye madoa meusi, doa moja kubwa limevuka katikati kama mkono uliotandazwa. Nikauliza ni nini. Akasema ni ng'ombe waliyetoka naye kaskazini, yule aliyetangulia njiani. Akasukuma mwingine: mwekundu mwenye paji jeupe, yule wa mahari ya binti fulani. Mwingine wa kijivu kama majivu ya asubuhi. Kila ngao ilikuwa ngozi ya ng'ombe mmoja wa mzee, na hakuna aliyerudiwa. Mimi ninayepata riziki kwa brashi nilishika ngao ile isiyozidi kucha ya kidole changu, nikaona kivuli cha mbavu juu yake. Sikuwa na la kurekebisha. Nikairudisha kwenye sinia, nikasukuma, nikasema, "Hapa mama nimeishiwa." Na hiyo sijaizidisha.

Shemeji alifika kwa basi la mchana, amekonda, mabegani begi lile lile. Alisalimia, akaoga, akala, akasema ameshiba. Mke wangu akanitazama. Mama aliingia chumbani kwake, akatoka na meza ndogo akisaidiwa na binti yake, wakaiweka barazani, wakaondoa chandarua. Mimi nikasogea uani, mahali ninapopaswa kuwa, lakini siyo mbali kiasi cha kutosikia.

Kijana aliinama. Alimwinua mmoja, akamgeuza kwenye mwanga, akamrudisha. Akamwinua mwingine. Alipofika kwenye ngao nyeupe ya madoa alikaa nayo muda, halafu akauliza kwa Kisukuma, lugha ya kwao, na hata mimi nisiyekijua vizuri nilielewa, kwa sababu alitaja jina la ng'ombe. Mama akaitikia. Akaendelea: huyu je? Na huyu? Alitaja wengi mwenyewe bila kuambiwa. Alipofika kwa yule wa kijivu akakwama, mama akamtajia.

"Haya lete la kwako tupange," mama akasema.

Hakuinuka. Mama akarudia. Ndipo akafungua begi, akatoa boksi lake, akalifunua juu ya meza. Askari wake wote walikuwa wa kijivu, kama siku ya kwanza, plastiki tupu. Hata mmoja hakuwa amepakwa. Akasema alijaribu. Kila akikaa mezani kule chumbani kwake na kushika brashi anamkumbuka baba, anakumbuka kwamba siku wanamzika yeye alikuwa amekaa kwenye meza ile ile anaangalia simu, na mkono unagoma. Akasema ameacha hata kwenda kucheza na wenzake.

"Halitaingia mezani hili, Mama. Nimekuja bure."

Nilitazama chini. Kuku alikuwa karibu na mguu wangu, anadonoa mchanga kama hajasikia.

Mama alivuta kigoda kingine, akakiweka kando ya chake, siyo mkabala kama zamani. Akasogeza kizibo cha rangi, kikombe cha maji na ile brashi niliyoichonga, akaiweka mkononi mwa mwanawe na kuufunga mkono ule kwa vidole vyake. "Basi kaa," akasema. "Tuanze na huyu."

Siku hiyo hawakucheza. Walikaa bega kwa bega mpaka kivuli cha nyumba kikavuka ua wote, wameinamia askari mmoja, na kwa kuwa macho ya wote wawili yalikuwa kazini, maneno yakapata njia. Nilisikia kijana akiuliza mzee alivikwa nini. Akauliza nani alishika jembe la kwanza kaburini, na kama mwishoni baba aliuliza habari zake yeye. Mama alimjibu moja moja, bila haraka, na kila baada ya jibu alimwonyesha mahali pa kupaka. Kuna wakati kijana aliacha kupaka, machozi yakamtoka, na brashi ikabaki hewani ikidondosha maji.

"Pumzisha mkono," mama akamwambia. "Iache hiyo ikauke kwanza, ndipo tuendelee."